Ukali na Ughafla: Neno ‘Acutely’ kutoka Kamusini hadi Wodini

Katika hospitali nyingi za Tanzania mgonjwa husimulia maradhi yake kwa Kiswahili, naye daktari huyaandika katika faili kwa Kiingereza. Zamu inapobadilika, daktari mwingine huyasoma maandishi hayo ya Kiingereza, kisha humwendea mgonjwa yuleyule na kuzungumza naye kwa Kiswahili. Kwa namna hiyo maneno ya mgonjwa huvuka mpaka wa lugha mara mbili au zaidi katika siku moja, na si kila neno hufika ng’ambo likiwa na maana iliyotoka nayo.

Miongoni mwa maneno yanayopoteza maana njiani ni kielezi cha Kiingereza ‘acutely’, pamoja na kivumishi kilichokizaa, ‘acute’. Aghalabu tunakitafsiri kwa maneno ‘vikali’, ‘kwa ukali’ au ‘-kali’. Katika mazungumzo ya kawaida tafsiri hiyo inafaa. Katika tiba, hata hivyo, neno hilo halizungumzii hasa ukubwa wa maumivu wala uzito wa ugonjwa, bali linazungumzia muda: ugonjwa ulianza lini, ulianza kwa kasi gani, na utaendelea kwa kipindi gani. Mhudumu na mgonjwa wasipolitenganisha jambo hili, mmoja huuliza kuhusu saa na mwingine hujibu kuhusu uchungu. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, madhara yake, na namna ya kuyaepuka.

Asili ya neno

Neno hilo limetoka katika Kilatini. Kitenzi chake kilimaanisha kunoa, na jamaa yake wa karibu ni neno la Kilatini lenye maana ya sindano. Hivyo maana ya kwanza ni ncha: kitu kilichonolewa kikawa na makali. Kutokana na maana hiyo likaja kutumika katika hesabu, na hapa Kiswahili kilifuata njia ileile, maana wanafunzi wetu hujifunza pembe kali na pembe butu. Likatumika pia kwa akili na hisi. Mwingereza akisema kwamba mtu anatambua hatari ‘acutely’, Mswahili atasema anaitambua barabara au kwa undani. Na akisema kwamba mtu ameona haya ‘acutely’, sisi tutasema ameona haya mno. Katika matumizi haya yote neno linaongeza nguvu ya hisia, na hakuna anayedhurika kwa tafsiri iliyolegea kidogo.

Matumizi ya tiba yana historia yake. Wagiriki wa kale walikuwa na neno lao lenye maana ya ukali wa ncha, na neno hilohilo lilimaanisha pia wepesi na kasi. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates kimo kitabu kinachoeleza lishe ya wagonjwa wenye maradhi ya namna hiyo, na miongoni mwa maradhi yanayotajwa humo ni homa ya mapafu na uvimbe wa utando unaozunguka mapafu. Baadaye Aretaeus wa Kapadokia aliandika juu ya mafungu mawili ya magonjwa: yale yanayokuja kwa kasi na kufikia hatima upesi, ama kwa kupona ama kwa kifo, na yale yanayokaa na mtu muda mrefu. Fungu la pili lilipewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Mafungu hayo mawili ndiyo tunayoyatumia mpaka leo. Tangu mwanzo, basi, kilichoyatenganisha magonjwa hayo kilikuwa mwendo wake katika wakati.

Yupo shahidi mwingine wa karibu zaidi. Jina la Kiingereza la ugonjwa wa mfumo wa hewa uliozuka mwaka 2002 na kuenea mwaka 2003, ambao kifupi chake ni SARS, linaanza kwa maneno mawili yanayofuatana: la kwanza linamaanisha ‘wenye hali mbaya’, la pili ni hilo ‘acute’ tunalolijadili. Kama maneno hayo yangekuwa na maana moja, lisingekuwapo lengo la kuyatumia yote mawili. Waliouita ugonjwa huo walitaka kusema mambo mawili tofauti, kwamba ulikuwa mzito na kwamba ulianza ghafla. Virusi vya UVIKO-19 vilirithi jina hilohilo.

‘Kali’ ya Kiswahili

Mzizi ‘-kali’ una kazi nyingi katika Kiswahili. Kisu ni kikali, mbwa ni mkali, mwalimu ni mkali, jua ni kali, siki ni kali, pilipili ni kali. Tunapoupeleka hospitalini tunapata homa kali, maumivu makali na dawa kali. Katika mifano hiyo yote tunapima nguvu ya kitu au jinsi kinavyohisiwa. Hakuna hata mmoja unaotuambia kitu kilianza lini. Jua kali la saa sita mchana halikuchomoza ghafla, na mbwa mkali huenda amekuwa hivyo miaka yote.

Aidha, katika miongozo ya matibabu ya watoto neno ‘kali’ limekwisha kupewa kazi yake. Tunaposema ‘nimonia kali’ au ‘utapiamlo mkali’, tunamaanisha daraja la uzito wa ugonjwa. Mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5, yaani utepe ukisoma nyekundu, huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Akiwa kati ya 11.5 na chini ya 12.5, utepe ukisoma njano, huhesabiwa kuwa na utapiamlo wa kadiri. Kwa Kiingereza watoto wote wawili huitwa ‘acute’, kwa sababu kukonda kwao ni kwa muda mfupi, tofauti na udumavu ambao hujengeka kwa miezi na miaka. Tukilifanya neno ‘kali’ libebe maana ya uzito na maana ya muda kwa pamoja, tutalazimika kusema ‘utapiamlo mkali wa kadiri’, kauli ambayo hakuna mama atakayeielewa.

Ughafla usio na ukali

Hatari ya kwanza ya kuchanganya maana hizi ni kwamba magonjwa mengi ya ghafla hayaumi, na mgonjwa asiyeumia huona haya kuisumbua hospitali.

Kiharusi ni mfano ulio wazi. Mtu anaamka mdomo umepinda upande, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki sawasawa, lakini hana maumivu. Ndugu zake wanamwuliza kama anaumwa sana, naye anatikisa kichwa. Wanamlaza apumzike hadi kesho. Kumbe kiharusi kinachotokana na damu iliyoganda kina dawa ya kuyeyusha bonge hilo, ambayo kwa wagonjwa wanaofaa kuipata hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja ndani ya ubongo. Hata pale ambapo dawa hiyo haipatikani, kufika mapema kunasaidia kulinda njia ya hewa, kudhibiti sukari na kuzuia madhara mengine. Ndiyo maana swali la kwanza la daktari litakuwa: ‘Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?’

Figo nazo huweza kushindwa kazi katika muda wa saa au siku chache, kwa mfano baada ya kuharisha sana, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, au kutumia dawa zisizofaa. Mara nyingi hakuna maumivu yoyote. Dalili anayoweza kuiona mgonjwa ni mkojo kupungua au kukoma, na pengine miguu kuvimba. Hali hiyo ikigunduliwa mapema, figo huweza kurudi katika kazi yake; ikipuuzwa, mgonjwa anaweza kuhitaji kusafishwa damu. Mhudumu anayemtafsiria mgonjwa kwamba ana ‘tatizo kali la figo’ humtia hofu bila kumwambia jambo lililo muhimu, yaani kwamba tatizo ni jipya na kwamba upo uwezekano wa kulirekebisha.

Mfano wa tatu ni maambukizi ya VVU katika wiki zake za mwanzo, ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa neno hilohilo. Mtu huweza kupata homa ndogo, vidonda vya koo na vipele, au asipate dalili yoyote. Hakuna ukali wowote hapo. Hata hivyo, katika kipindi hicho virusi huwa vingi mno katika damu, uwezo wa kuambukiza wengine huwa mkubwa, na kipimo cha haraka kinachotafuta kingamwili huweza kuonyesha kwamba hana maambukizi. Wataalamu wanaosema ‘maambukizi ya awali’ wanamsaidia mgonjwa kuelewa kwa nini anatakiwa kurudi kupimwa tena. Anayesema ‘maambukizi makali’ anampoteza.

Ukali usio na ughafla

Hatari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Mama mwenye maumivu ya mgongo ya miaka mitatu anamwambia daktari, ‘Mgongo unaniuma vikali, mwanangu.’ Katika faili yanaandikwa maneno ya Kiingereza yanayomaanisha maumivu ya mgongo ya ghafla. Atakayelisoma faili hilo baadaye atadhani shida imeanza juzi. Atampa dawa za kutuliza maumivu za siku tano, na mwezi ujao mama atarudi. Miaka mitatu yote imefutika kwa kielezi kimoja.

Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huhesabiwa kuwa ya muda mrefu, na njia zake za matibabu ni tofauti. Maumivu mapya huwa ni kengele ya mwili: yanatuelekeza mahali palipojeruhiwa, na mara nyingi huondoka jeraha linapopona. Maumivu ya muda mrefu huweza kuendelea hata baada ya kengele hiyo kumaliza kazi yake, na mgonjwa huhitaji mazoezi ya viungo, msaada wa kisaikolojia, kurekebishiwa usingizi na kazi, pamoja na dawa zilizochaguliwa kwa uangalifu. Kumrudishia kila mara dawa za siku chache kunaweza kumdhuru tumbo na figo bila kumfikisha popote.

Ipo pia hali inayounganisha yote mawili. Mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, ana maradhi ya maisha, lakini siku moja mifupa yake huanza kuuma ghafla na kwa nguvu. Hali kadhalika mgonjwa wa pumu anayebanwa kifua usiku, au mwenye moyo dhaifu anayeamka akihema. Waingereza husema kwa ufupi kwamba la ghafla limekuja juu ya la muda mrefu. Kiswahili kina namna yake nzuri ya kuyasema hayo: ugonjwa wake wa siku zote umepamba moto. Anayeambiwa hivyo anaelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba hali ya leo inahitaji tiba ya haraka, na kwamba kesho ataendelea na dawa zake za kawaida.

Maumivu ya ncha na maumivu ya uzito

Utata hauishii hapo. Mwingereza anaposema kwamba ana maumivu ya ncha kali, huenda hazungumzii muda wala kiasi, bali aina ya maumivu: yanachoma kama sindano. Kwa hiyo tuna vitu vitatu vinavyogombea neno moja: muda, kiasi na aina.

Mwili wenyewe huzitambua aina hizo. Mtu anapokanyaga mwiba, kwanza huhisi mchomo mwembamba ulio mahali pamoja, na mara hufuatwa na maumivu mazito yanayosambaa na kuwaka. Mchomo wa kwanza husafiri katika nyuzi za neva zenye ala ya mafuta, kwa mwendo wa takribani mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Maumivu ya pili hupita katika nyuzi nyembamba zaidi zisizo na ala hiyo, kwa mwendo usiozidi takribani mita 2 kwa sekunde. Viungo vya ndani, kama moyo na utumbo, aghalabu hutoa maumivu ya namna ya pili: mazito, yasiyo na mahali dhahiri, yanayobana au kukandamiza.

Hapa ndipo swali letu la mazoea linapoweza kuua. Mzee anafika akitokwa jasho, ameshika kifua. Muuguzi anamwuliza, ‘Shikamoo mzee, maumivu ni makali?’ Mzee anajibu, ‘Marahaba. Si makali, mwanangu, kifua kinabana tu, kama nimewekewa gunia.’ Mzee amesema kweli. Shambulio la moyo mara nyingi halichomi. Linabana, linakandamiza, na pengine linapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto. Kwa wenye kisukari, wazee na baadhi ya wanawake, maumivu huweza kuwa madogo sana au yasiwepo kabisa, wakabaki na uchovu, kichefuchefu na kuhema. Muuguzi aliyesikia ‘si makali’ akamweka mzee nyuma ya foleni amelisikia neno lakini hakuusikia ugonjwa. Kinyume chake, mchomo mkali wa ubavuni unaozidi mtu anapovuta pumzi, ambao wazee wetu waliuita kichomi, huelekeza zaidi kwenye utando wa mapafu.

Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha dodoso la kupima maumivu kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Alipanga maneno 78 ya Kiingereza katika makundi 20, akitenganisha yanayoeleza namna maumivu yanavyohisiwa, yanayoeleza jinsi yanavyomtesa mtu moyoni, na yanayoeleza ukubwa wake. Funzo la kazi hiyo kwetu ni kwamba msamiati wa mgonjwa ni kipimo, sawa na kipimo cha joto.

Nasi Kiswahili hakikutunyima. Kichwa kinagonga, kinawanga au kinapasuka. Jino linapwita. Tumbo linakata, linanyonga au linasokota. Kifua kinabana, kinachoma au kinawaka. Mguu unakufa ganzi au unawaka moto. Kila kitenzi kina habari yake. Mwenye kisukari anayesema nyayo zinawaka moto usiku anaelezea neva zilizodhurika. Tumbo linalosokota na kuachia huelekeza kwenye kitu chenye uwazi kinachojikaza, kama utumbo au mrija wa mkojo. Maneno hayo yote yakiandikwa katika faili kuwa ‘maumivu makali’, habari hizo zimetupwa.

Neno linalokatisha tamaa

Pengine hakuna mahali ambapo tafsiri hii inaumiza kuliko katika saratani za damu. Ipo saratani ya damu ambayo ndiyo inayowapata watoto zaidi, na jina lake la Kiingereza linaanza kwa neno ‘acute’. Maana yake ni kwamba seli zinazoongezeka ni changa, zinaongezeka kwa kasi, na tiba inatakiwa kuanza mapema. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana ‘saratani kali ya damu’, husikia kwamba mtoto amepata aina mbaya kupita zote na kwamba hakuna la kufanya. Baadhi ya wazazi, baada ya kusikia maneno ya namna hiyo, huamua kumrudisha mtoto nyumbani.

Ukweli ni tofauti kabisa. Aina hiyo ya utotoni ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi. Katika nchi zenye uwezo mkubwa wa tiba, zaidi ya watoto wanne kati ya watano hupona. Katika nchi zenye uwezo mdogo matokeo ni ya chini, na miongoni mwa sababu ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati. Kumwambia mzazi kwamba hii ni ‘saratani ya damu inayokwenda kwa kasi, nasi tunapaswa kuanza tiba haraka’ ni kumpa ukweli uleule pamoja na sababu ya kubaki hospitalini.

‘Sugu’ na mzigo wake

Ndugu wa neno letu, lile linalotaja magonjwa ya muda mrefu, kwa kawaida hutafsiriwa kwa neno ‘sugu’. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mwenye kushika jembe. Kutoka hapo tukapata mtu sugu, asiyesikia la mtu, na ugonjwa sugu, usioondoka. Lakini siku hizi neno hilo lina kazi ya pili: kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake havisikii dawa, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa ni somo linalohubiriwa kila mahali.

Mgonjwa wa shinikizo la damu akiambiwa ana ‘ugonjwa sugu’, anaweza kuelewa kwamba dawa hazitamsaidia, naye akaziacha. Jambo hilo ni kinyume kabisa na tulilotaka aelewe, yaani kwamba dawa zitamsaidia mradi azitumie siku zote. Ni afadhali kusema ‘ugonjwa wa muda mrefu’ kwa maana ya kwanza, na kuliacha neno ‘sugu’ kwa vimelea visivyosikia dawa.

Muda hauna kipimo kimoja

Msomaji anaweza kuuliza: ni siku ngapi ndizo zinazofanya ugonjwa uwe wa ghafla au wa muda mfupi? Jibu hutegemea ugonjwa. Kuharisha kwa muda usiofika siku 14 ni kwa muda mfupi. Kukifika siku 14 au zaidi ni kuharisha kwa kudumu, na mtoto anahitaji uchunguzi mwingine. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi humfanya mhudumu afikirie kifua kikuu. Tatizo la figo likizidi miezi 3 huhesabiwa kuwa la muda mrefu. Homa ya ini aina ya B ikizidi miezi 6 huhesabiwa vivyo hivyo, ingawa mwenye nayo huenda hajawahi kuumwa hata siku moja.

Katika yote hayo, bila tarehe ya kuanza, hakuna uamuzi sahihi. Ufuatiliaji wa polio unalidhihirisha hili. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayepooza ghafla, kiungo kikawa kimelegea, anapaswa kutolewa taarifa, na sampuli mbili za kinyesi zichukuliwe kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Jina la Kiswahili la hali hiyo, ‘kupooza kwa ghafla’, limetafsiriwa vema. Lau lingekuwa ‘kupooza vikali’, mzazi angesubiri aone kama hali itakuwa mbaya zaidi, na siku 14 zingepita.

Mambo ya kuzingatia kwa wahudumu wa afya

Kwanza, tenganisha maswali matatu. Uliza muda: ‘Yalianza lini, saa ngapi, na yalianza ghafla au polepole?’ Uliza kiasi: ‘Kutoka sifuri hadi 10, yanafika ngapi?’ Uliza aina: ‘Yanachoma, yanabana, yanasokota, au yanakuwaje?’ Usiyabebeshe maswali yote matatu neno ‘makali’.

Pili, andika neno la mgonjwa mwenyewe kwa Kiswahili katika faili, ndani ya alama za kunukuu, kisha ndipo uandike tafsiri yako. Atakayekufuata zamuni ataweza kupima mwenyewe.

Tatu, unapolitafsiri neno ‘acute’ au ‘acutely’ kwa mgonjwa, jiulize kwanza linasema nini mahali hapo. Likitaja mwanzo, sema ‘ghafla’. Likitaja kipindi, sema ‘kwa muda mfupi’ au ‘ya awali’. Likitaja mwendo, sema ‘kwa kasi’. Likitaja ugonjwa wa zamani uliochachamaa, sema ‘umepamba moto’. Neno ‘kali’ libaki kwa uzito.

Nne, mwombe mgonjwa akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Usimwulize kama ameelewa, kwa maana kwa heshima yake kwako atasema ndiyo.

Mambo ya kuzingatia kwa wagonjwa na ndugu zao

Usisubiri maumivu yawe makali ndipo uende hospitali. Kilichoanza ghafla kinatosha kuwa sababu. Nenda upesi ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu umeishiwa nguvu, au maneno hayaeleweki. Nenda upesi ukihisi kifua kinabana au kimelemewa, hasa ukitokwa jasho. Nenda upesi kichwa kikianza kuuma kwa mshindo, kikafikia kilele ndani ya dakika moja. Nenda upesi mkojo ukikoma baada ya kuharisha au kutapika sana. Mvulana akipata maumivu ya ghafla ya korodani, asione haya kumwambia mzazi. Korodani iliyojisokota huokolewa vizuri zaidi ndani ya saa 6.

Ufikapo, taja saa kabla ya kutaja uchungu. Sema ulikuwa ukifanya nini yalipoanza, kama yamewahi kukupata kabla, na nini kimebadilika safari hii. Kama umekuwa ukiumwa kwa miaka, sema hivyo hata kama leo maumivu yamezidi. Tumia maneno ya nyumbani kwenu bila kuyatafutia Kiingereza. Na daktari akikwambia una kitu ‘kikali’ au ‘sugu’, una haki ya kumwuliza: ‘Daktari, unamaanisha ni kibaya sana, kimeanza juzi, au hakisikii dawa?’ Swali hilo halimkosei mtu adabu. Nusu ya tiba imo katika jibu lake.